Pampu Tatu na Namba za Jumamosi

Wiki iliyopita mlinikatia keki, mkanipa saa ya ukutani, na mkubwa mmoja ambaye hajawahi kulitamka jina langu sawasawa akasimama akasema mimi ni nguzo. Asanteni. Keki ilikuwa nzuri. Sasa kwa kuwa hakuna tena wa kunifuta kazi, wacha niwajibu lile swali ambalo kila kijana mpya aliniuliza kantini: Boke, wewe mtu wa Migori, ulijifunzia wapi kuunda modeli za visima vya mafuta vilivyo chini ya bahari kuu? Mlitegemea nitaje chuo. Nilijifunzia Homa Bay, kwenye nyumba ya pampu za maji, kwa mzee mmoja Msabato na kitabu chake.

Kabla ya Homa Bay nilikuwa nyumbani, Migori, nikipima kina cha maji katika visima vya vijiji. Chombo chenyewe kilikuwa utepe wa chuma na kipande cha chaki. Unapaka chaki sehemu ya mwisho ya utepe, unaushusha kisimani, unauvuta, unaangalia chaki imelowa mpaka wapi. Basi, kazi imekwisha. Baadaye nimeshika vipimo vya kielektroniki vinavyoshushwa hadi sakafu ya bahari, vinavyogharimu kuliko shule niliyosomea, na hakuna hata kimoja kilichonipa raha ile. Chaki haihitaji kuzimwa na kuwashwa tena. Wachimba dhahabu wa Osiri walikuwa wakija kuuazima utepe wangu wapimie mashimo yao, na kila mara waliurudisha umejaa tope na visingizio.

Miaka ya tisini ilipoanza nikahamishiwa mradi wa maji wa mji, Homa Bay. Nyumba ya pampu ilikuwa kando ya ziwa, na pembeni yake akina mama walianika omena, kwa hiyo ovaroli yangu ilinuka samaki hata nikitoka kuifua. Ndani mlikuwa na pampu tatu. Zilivuta maji ziwani zikayapandisha hadi tangi la mlimani, na kutoka pale maji yakashuka mjini na hospitalini. Pampu ya Tatu ilikuwa haiwaki mpaka ipigwe teke, na si teke la popote. Kulikuwa na mahali pake.

Aliyejua mahali pake ni Mzee Ouko. Alikuwa mrefu, suruali ya kaki imepigwa pasi mpaka inakata, penseli nyuma ya sikio. Yeye Mjaluo, mimi Mkuria, kwa hiyo tulikutana kwenye Kiswahili, kila mmoja akiwa mgeni. Aliniita nyar Kuria, yaani binti wa Wakuria, na nilipokosea kitu aliniita hivyo hivyo ila kwa sauti ya juu zaidi. Siku ya kwanza alinipa bisibisi ndefu.

"Weka ncha hapo kwa beringi," akasema. "Mkono wake weka kwa sikio. Unasikia nini?"

"Kelele."

"Sikia tena."

Nilisikiliza kwa wiki tatu. Wiki ya nne nikasikia beringi ya Pampu ya Pili ikikwaruza, kidogo tu, kama mtu anayesaga meno usingizini. Tukaifungua, tukakuta imeanza kuliwa. Mzee hakunisifu. Aliniachia ufunguo wa stoo, nami nikaelewa. Mpaka leo, mashine yoyote mnayoniletea taarifa zake nzuri za rangi rangi, nataka kwanza kujua kama kuna mtu aliyeisikiliza.

Halafu kulikuwa na kitabu. Kila saa ilibidi kuandikwe pampu zipi zinazunguka, geji inasema nini, na mita inapitisha maji kiasi gani. Siku saba za wiki, na ukurasa ukiwa na nafasi wazi wakubwa walileta barua kali. Shida ni kwamba Mzee Ouko alikuwa Msabato kwelikweli. Jua la Ijumaa likizama, hagusi penseli wala bisibisi mpaka Jumamosi jioni. Ndiyo maana nililetwa mimi, Mkatoliki, nishike Jumamosi.

Jumamosi yangu ya kwanza nilifika mapema, nikafungua kitabu. Ukurasa wa siku hiyo ulikuwa umeshajaa, kuanzia alfajiri hadi machweo, kwa mwandiko ulionyooka kama wa mwalimu wa darasa la kwanza. Nikadhani nimepoteza siku. Nikatoka nje nikamuuliza mama mmoja aliyekuwa akigeuza omena leo ni siku gani. Akanitazama kwa huruma akaniambia Jumamosi.

Kesho yake nikamkabili mzee.

"Mzee, jana saa tisa mchana nani alisoma mita?"

"Mimi."

"Ulisoma lini?"

"Ijumaa."

"Saa tisa ya Jumamosi uliisoma Ijumaa?"

"Nyar Kuria, Ijumaa ni siku ya maandalizi. Bibi yangu, Mama Dan, anapika chakula ya Sabato, na mimi naandika kitabu ya Sabato. Sasa shida iko wapi?"

Nikamwambia shida ni kwamba mimi nilikuwa pale, na mita ilisoma chini ya nusu ya alichoandika. Akanieleza bila haya yoyote. Ijumaa mchana alilijaza tangi la mlimani mpaka juu kabisa, halafu kabla ya jua kuzama akazima pampu mbili. Hospitali lazima inywe maji hata Sabato, hiyo ni huruma. Lakini pampu tatu Sabato, hiyo ni tamaa. Tangi lililojaa na pampu moja vilitosha kuufikisha mji Jumapili asubuhi. Kwenye kitabu aliandika pampu moja, kwa sababu ni kweli ilikuwa moja. Lakini kiasi cha maji alinakili cha Ijumaa, namba ile ile moja kila saa, pampu zote tatu zikiwa kazini.

"Sasa mbona usiandike cha Jumamosi?"

"Ya Jumamosi sijaona. Mimi siandiki kitu sijaona. Nimeandika ile nimeona."

Jamani, utambishia nini mtu wa namna hiyo? Akanionyesha mahali pa kutia sahihi chini ya ukurasa, mahali pa mtu wa zamu. Nilipaswa kukataa. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mitatu na mtu ananipa Jumamosi nzima bure. Nikatia sahihi. Kwa miaka miwili Jumamosi zangu zilikuwa za kusukwa nywele, za sokoni, na za kwenda Migori kuwasalimia watu wangu, huku pampu moja ikizunguka peke yake na kitabu kimejaa. Hakuna aliyepungukiwa maji. Tusingekuja kujulikana kamwe kama asingekuja Injinia Halvard.

Halvard alitoka kampuni ya mafuta ya bahari kuu, ng'ambo. Mnajua kazi ilivyokuwa enzi hizo: visima kumi, mabomba yanakutana chini ya bahari, na wahandisi wanane wanakaa wiki nzima wakirekebisha modeli kwa mkono ili wajue wafungue kisima kipi na kwa kiasi gani. Wakimaliza, kisima kimeshabadilika, wanaanza upya. Kampuni ilikuwa imeandika programu ya kufanya yote hayo yenyewe. Ingesoma vipimo, ijijengee modeli, itafute mpangilio bora, halafu izime na kuwasha bila kumwuliza mtu. Walitaka kuijaribu kwanza mahali ambapo ikikosea hakuna mafuta yatakayomwagika. Wakatuchagua sisi. Asante sana.

Kiswahili chake alikuwa amekisoma kwenye kitabu cha pwani, na alikijua kutushinda. Siku ya kwanza akainama mbele ya geji akauliza, "Niwieni radhi, geji hii yatoa kipimo gani?"

Mzee Ouko akanitazama mimi, akamtazama yeye. "Hiyo ilikufa zamani," akasema.

Vifaa vyake vya kupimia vilikuwa vimekwama bandarini Mombasa. Boya la kuonyesha maji ndani ya tangi halikuwa na kamba, maana kamba ilikuwa imeibwa ikaenda kufunga ng'ombe wa mtu. Na programu yenyewe ilitukataa. Ilitaka kina cha maji, Halvard akaandika kina halisi cha pale bomba letu linapovuta maji, kompyuta ikasema kina hicho ni kidogo mno kwa bahari kuu. Akafikiri, akaandika mita mia tatu. Nikamwambia ziwa lote hili, kutoka hapa mpaka kisiwa cha Remba na kwingine kote, halina mahali penye kina hicho. Akacheka, akasema ni kwa muda tu, ataweka hesabu ya kulifidia. Mpaka naondoka, kwenye ile kompyuta Homa Bay ilikuwa bado na ziwa la mita mia tatu, na hakuna aliyeitwa ofisini kwa ajili yake.

Kwa kuwa hakukuwa na vipimo, tukabaki na kitabu cha Mzee Ouko. Kazi ya kukiingiza kwenye kompyuta nikapewa mimi, kwa vidole viwili, kurasa za miaka miwili. Nilipofika Jumamosi ya kwanza vidole vilisimama. Nikajiambia siku moja kati ya saba itapotea humo humo. Nikaziandika zote.

Haikupotea. Nyinyi mnaifanya kazi hii kila siku, kwa hiyo mtaona haraka kuliko nilivyoona mimi. Programu ilipewa mapimo mengi yasiyopatana, ikabidi ichague ya kuyaamini. Yanayorukaruka iliyaamini kidogo. Yaliyotulia iliyaamini sana. Siku za kawaida namba zetu ziliruka kama chura, maana magugu ya ziwani yalikuwa yakiziba chujio, na umeme ukipanda na kushuka utakavyo. Jumamosi peke yake ndiyo ilikuwa shwari, wiki baada ya wiki, mwaka baada ya mwaka. Mashine ikaamua kwamba Jumamosi ndiyo ukweli na siku nyingine sita ni kelele.

"Njooni mwone!" Halvard akatuita, nywele zimemsimama. "Jumamosi pampu moja yatoa maji yale yale ya pampu tatu! Kwa theluthi ya umeme!"

Na msimcheke, kwa sababu alikuwa na sababu. Chini ya bahari mambo hayo hutokea. Visima vikigombania bomba moja vinasukumana, na ukifunga kimoja, vilivyobaki vinatoa zaidi. Alikuwa ameyaona kwa macho yake kwenye mafuta, kwa hiyo alipoyaona kwenye maji yetu alifurahi kama mtu aliyekutana na ndugu ugenini. Akatuchorea ubaoni, mishale huku na huku.

Mzee Ouko akavua kofia. "Adier," akasema kwa Kijaluo, kweli kabisa. "Sabato iko na baraka."

Nilitaka kucheka. Kisha nikaona hatanii. Nikamvuta nyuma ya nyumba, karibu na mitego ya samaki iliyochakaa.

"Mzee, zile namba ni zako! Wewe ndiye uliziandika!"

"Najua ni zangu."

"Basi mwambie! Jumatatu anaizima Pampu ya Pili na ya Tatu, na tangi halitafika Jumatano."

"Kompyuta ya mzungu imekubali," akasema. "Wewe ni nani ukatae?"

Ningeweza kurudi ndani nikasema mwenyewe. Mzee alikuwa amebakiza miezi minne astaafu, na mimi nikisema, jambo la kwanza litakaloulizwa ni sahihi zile ni za nani na mwenye zamu alikuwa wapi. Hiyo ni sababu moja. Ya pili ni kwamba Halvard alikuwa ameniambia atamwandikia mkubwa wake barua nipelekwe ng'ambo kujifunza kazi. Nimekuwa nikijiambia kwa miaka mingi kwamba nilimnyamazia mzee. Wacha niseme ukweli sasa niko nyumbani na mguu uko kwenye stuli: niliinyamazia barua.

Jumatatu kisanduku cha Halvard, cha kuwasha na kuzima pampu kwa amri ya programu, kikafungwa ukutani, kikazima pampu mbili kwa mlio mdogo wa adabu. Mzee akaambiwa asiguse kitu. Jumanne mabomba ya mjini yakaanza kukohoa. Halvard akasema mfumo unatafuta utulivu wake. Jumatano saa sita mchana akaingia Sista Awuor, muuguzi wa wodi ya uzazi, amevaa sare, ameshika ndoo tupu, jasho linamtoka kwa kutembea.

"Nani mkubwa hapa?" akauliza. "Niko na mama anataka kupasuliwa, mtoto amekaa vibaya, na daktari amesimama na mikono hewani. Bomba hazina hata tone."

Halvard akageuza skrini imwelekee. Kwa upole, maana hakuwa mtu mbaya. "Lakini dada, maji yapo. Tazama, yaenda hospitalini sasa hivi."

Sista Awuor akaiangalia ile mistari ya kijani, iliyochorwa na modeli, si na mita. "Basi nipatie hiyo televisheni nikamwoshe nayo."

Hapo ndipo niliposhtuka. Si kwa ujasiri, msinivishe koti lisilo langu. Nikaenda ukutani nikaung'oa waya wa kile kisanduku. Halvard akapiga kelele kwa lugha ya kwao. Nikawasha Pampu ya Pili. Mzee Ouko akaipiga teke ya Tatu mahali pake, ikawaka kwa mara moja, jambo ambalo haikuwahi kufanya. Lakini tangi lilikuwa kavu na maji yangechelewa kufika. Mzee akachukua mkokoteni wa magugu, akapakia mitungi minne ya maji, akaanza kuusukuma kupanda kilima kuelekea hospitalini, mzee wa umri ule, Sista Awuor akisukuma kutoka nyuma na ndoo kichwani. Mimi nilibaki na pampu. Nilisikiliza beringi kwa bisibisi huku nikilia.

Jioni tuliletewa habari kwamba mama na mtoto wote wazima. Msichana.

Kesho yake tuliitwa ofisini, mkubwa wa mradi nyuma ya meza, Halvard pembeni, macho mekundu. Alikuwa ameisoma mita usiku kucha na sasa alijua. Kitabu kilikuwa wazi mezani.

"Sahihi hii ya Jumamosi ni ya nani?" mkubwa akauliza.

"Yangu," nikasema. "Lakini aliyeandika ni mzee. Aliniambia nitie sahihi."

Kila neno lilikuwa kweli. Mkubwa akamgeukia Mzee Ouko. Nikangoja. Alichohitaji ni kusema tu, "Na huyu alikuwa sokoni." Alijua. Alijua hata nilikuwa nasukwa na nani. Akakivuta kitabu karibu.

"Ni kweli," akasema. "Mwandiko ni yangu."

Akarudisha funguo siku ileile. Hakuna keki. Miaka yote ile, na akaondoka na kofia yake na penseli.

Barua ya Halvard ilienda. Nimeisoma, nakala ninayo. Inasema nina bidii, ninaelewa mashine, na juu ya yote, ni mkweli: nilisema ukweli mbele ya mkubwa wangu hata ulipomuumiza mwalimu wangu. Ndiyo barua iliyonifikisha kwenu. Halvard mwenyewe alirudi akairekebisha programu, na yale marekebisho yaliyomo mpaka leo, ile hatua ya kwanza inayotafuta vipimo vilivyotulia kupita kiasi na kuvitilia shaka, tuliyaandika pamoja. Mnaponiona nakataa data nzuri, mnasema bibi ana wasiwasi. Ndiyo, ninao. Kisima kikiniletea wiki iliyonyooka, nauliza nani alikuwa zamu, na kama jibu ni "sensa," nauliza nani alikifunga kifaa hicho cha kupimia na alikuwa na haraka ya kwenda wapi. Mara nyingi nimekuwa sahihi, na sijafurahi hata mara moja.

Kabla sijasafiri nilikuwa na wiki nzima ya kwenda kumwona Mzee Ouko. Boma lake lilikuwa upande wa Migori, si mbali na kwetu. Kila siku nilipata sababu. Pasi ya kusafiria, sindano za homa ya manjano, sanduku lisilofunga. Mwishowe ikabaki siku moja, nikaenda. Nilimkuta anatoka kanisani, koti jeusi, Biblia kwapani. Alifurahi kuniona, haki ya Mungu alifurahi, na furaha ile ilinichoma kuliko matusi. Mama Dan akanikaribisha chai. Nilipoona tumebaki wawili nikaanza kabla sijakosa nguvu.

"Mzee, ile siku kule ofisini. Mimi nilikuwa..."

Akainua mkono, polepole.

"Leo ni Sabato, nyar Kuria. Maneno ya kazi tutaongea kesho. Kuja asubuhi, nitakuwa hapa."

Ningemwambia kesho nasafiri. Nilikuwa nimefungua mdomo. Lakini kuambiwa ningoje kulinipa nafuu ambayo naionea aibu mpaka leo, kwa hiyo nikasema, sawa mzee, nitakuja.

Ndege yangu iliondoka Nairobi Jumapili hiyo. Niliporudi likizo ya kwanza, miaka mitatu baadaye, walikuwa wameshamzika. Mama Dan hakunilaumu. Aliniambia tu kwamba ile Jumapili mzee aliamka mapema, akatoa viti viwili nje, akakaa. Chakula cha mchana kilipoiva akarudisha kimoja ndani.